Wabunifu wa programu waunde vikoba vya kazi, wasisubiri mfadhili

Mhariri,

Vijana wengi wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa wanamaliza kozi za mtandaoni za ubunifu wa uzoefu wa mtumiaji, fani ya kuipanga programu au fomu iwe rahisi kutumia, ambayo wenyewe huiita UX, halafu wanakaa na cheti bila kujua wabishe hodi wapi. Ushauri wetu ni waunde vikundi vidogo vya kupimana kazi, kwa mtindo wa vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba vya mama zetu. Cheti cha Google kilichoanza kutolewa mwaka 2021 kwenye Coursera, tovuti ya kozi, kimewavuta wengi wao. Hatuna ugomvi nacho. Kinafundisha vizuri kuhoji watumiaji, kuchora skrini na kupanga kazi. Shida inaanza mwajiri anapofungua majalada ya waombaji, yaani mikusanyo ya kazi zao za mfano (portfolio), na kukuta yote yanafanana: programu ya kuagiza chakula, ya kukata tiketi za sinema, ya kumtafuta mtu wa kutembeza mbwa. Mbwa gani wa kutembezwa Tandika? Skrini zinapendeza, rangi zimepangika, lakini hakuna hata sehemu moja inayoonyesha kwamba mtu halisi alishika simu, akakwama, na mbunifu akaona amekwama wapi.

Jalada linalomfanya msaili akae vizuri kwenye kiti huwa na kazi 3, si 12, na angalau moja inahusu fomu inayowahangaisha watu kweli. Mfano upo mfukoni. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na huandikwa kwa vistari: tarakimu 8 za tarehe ya kuzaliwa, kistari, 5, kistari, 5 nyingine, kistari, 2. Mtu anainakili kama anavyoiona. Kisanduku cha fomu kikiwa kimewekewa ukomo wa herufi 20, vile vistari vitatu vinakula nafasi, na kinachokatwa mwishoni ni kistari cha mwisho na tarakimu mbili. Fomu inamjibu kwa maandishi mekundu "Namba si sahihi", naye anarudia mara ya pili na ya tatu, maana anaiangalia kadi na anaona hajakosea. Na kweli hajakosea. Dawa yake ni ndogo: kisanduku kipokee vistari na nafasi, mfumo uviondoe wenyewe, namba ionekane kwa mafungu yaleyale ya kwenye kadi, na ujumbe wa kosa useme kilichopungua: "Umeandika tarakimu 18, zinatakiwa 20."

Namba ya simu ni hivyo hivyo. Yuko anayeanza na 0 zikawa tarakimu 10, yuko anayeanza na 255 zikawa 12, na yuko anayetanguliza alama ya kujumlisha. Fomu inayojua mtindo mmoja tu inawafukuza wale wengine wawili. Na ukiomba saa ya miadi, kumbuka kwamba "saa 2" ya mgonjwa ni ile ambayo kompyuta inaiita 08:00. Mpe orodha ya kuchagua iliyoandikwa "saa 2:00 asubuhi", usimwachie kisanduku kitupu.

Kazi ya namna hiyo inaenea kwenye ukurasa mmoja na nusu. Fomu ilikuwaje, nani waliijaribu na kwa simu gani, wangapi walikwama na wapi hasa, ulibadilisha nini, na baada ya hapo wangapi walipita. Weka picha ya kabla na ya baada kwa ukubwa unaosomeka kwenye simu, kwa sababu wasaili wengi hulisoma jalada wakiwa kwenye foleni ya magari. Andika na kilichoshindikana. Wale wahusika wa kubuni, "Asha, miaka 28, anapenda kahawa na kusafiri", waache; msaili mzoefu anawaruka.

Sasa kuhusu hao wajaribu. Kila mahali utasikia kwamba watu 5 wanatosha, ila masharti yake hayatajwi. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walipiga hesabu mwaka 1993: iwapo kila mjaribu ana nafasi ya wastani ya asilimia 31 ya kukutana na tatizo fulani, basi watu 5 wataibua karibu asilimia 85 ya matatizo yote. Hesabu hiyo inasimama tu kama watu wenyewe ni wa kundi moja na wanafanya kazi ileile. Muuza mitumba mwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, anayefanya kila kitu kwa menyu ya nyota na reli, si kundi moja na mwanachuo mwenye simu ya kupangusa. Hao ni 5 na 5. Ukibahatika kupata watu 15 wa kundi moja, usiwamalize kwa mkupuo. Wagawe mara tatu, urekebishe kila baada ya watano. Na wenzako 5 wa ghorofa moja ofisini hawahesabiki, hata wakiapa kwamba wao pia ni watumiaji.

Kikao cha jaribio kisizidi dakika 45 na kazi 4 au 5. Mwongozaji awe mmoja na mwandishi mmoja. Wakizidi hapo, mjaribu anajiona yuko kwenye mtihani. Kikwazo kikubwa kwetu ni adabu. Mtu uliyemwamkia shikamoo na kumletea soda hatakwambia kazi yako ni mbaya. Atasema "ni nzuri tu, nimeipenda", na kama ni mtu mzima ataongeza "Mungu akubariki mwanangu". Ile mbinu ya kumwomba mjaribu aseme kwa sauti kila anachowaza nayo humtia haya, maana anajihisi anaongea peke yake. Waweke wawili wanaojuana mbele ya simu moja, mama na bintiye au mawakala wa vibanda jirani, uwape kazi: "Mtumieni fundi 15,000 ya kopo la rangi." Hawatachukua dakika mbili kabla ya kubishana. "Bonyeza hapo." "Hapo siyo, hapo utakatwa hela." Maneno hayo ndiyo uliyoyafuata, mwandishi ayaandike yalivyo.

Usiulize "Umeelewa?" Uliza "Ukibonyeza hapa, kitatokea nini?" Maswali ya kukanusha nayo yakae mbali. Ukiuliza "Hukuiona?" na mtu akajibu "Ndiyo", kwetu maana yake hakuiona, na anayenakili kwa mazoea ya Kiingereza anaandika kinyume chake.

Mkanganyiko unaofanana na huo unaliharibu dodoso la SUS, lile la John Brooke la mwaka 1986 la kupima urahisi wa kutumia mfumo, ambalo vijana hulitafsiri haraka haraka. Lina sentensi 10 za kupimwa kwa 1 hadi 5. Zenye namba witiri zinasifu mfumo, zenye namba shufwa zinaukosoa. Kwenye witiri unatoa 1 kwenye jibu, kwenye shufwa unatoa jibu kwenye 5, unajumlisha vyote na kuzidisha kwa 2.5 ili upate alama kati ya 0 na 100. Alama 68 ndiyo huchukuliwa kuwa ya wastani. Chukua mtu aliyeridhika na mfumo, anayeweka 4 kuanzia juu mpaka chini kwa sababu hakugundua kwamba sentensi zinageuka: witiri zinampa 15, shufwa 5, jumla 20, mara 2.5 ni 50. Umempata mteja mwenye furaha, karatasi inasema amechukia. Msomee sentensi moja moja kwa sauti, na kwa kila sentensi ya ukosoaji msubiri ajibu kwa maneno kabla ya kumwandikia namba.

Faragha nayo si ya kuchezea. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ina ya kwake ya 2022. Pata ridhaa kabla ya kurekodi, rekodi mikono na skrini, sura iache, na mwambie mjaribu faili litafutwa lini. Wala asiweke namba yake ya siri mbele yako. Njoo na simu na laini ya majaribio, yenye namba ya siri ambayo kila mtu anaijua.

Ukituuliza ni mlango upi haujasongamana, tutakuonyesha wa maneno. Programu nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Siku mbili kabla ya kutoka, mtu anapewa jedwali la maneno 400 atafsiri bila kuona hata skrini moja. Ndipo "Futa" inapokaa kwenye kitufe cha kuacha muamala, na "Futa" hiyohiyo kwenye kitufe cha kuondoa kabisa jina la mpokeaji. "Ghairi" ni Kiswahili safi na mtu wa Pwani halimpi shida, ila bara wapo wanaosita mbele yake. "Usitume" inawaingia wote, kwa sababu inasema kitakachotokea.

Kosa la pili ni la ngeli. Mwandaa programu anaandika sentensi moja yenye pengo, "… imefutwa", ili mashine ijaze jina la kitu. "Picha imefutwa" inapita. Baada yake zinakuja "Kikundi imefutwa", "Ujumbe imefutwa", "Majina 3 imefutwa", na mtumiaji anajua papo hapo kwamba waliotengeneza hiki kitu hawakumfikiria yeye. Unaweza kuandika sentensi kamili kwa kila ngeli, kimefutwa, umefutwa, yamefutwa, na kazi ikawa kubwa. Njia fupi ni kumfanya mtumiaji mwenyewe awe mtenda: "Umefuta kikundi", "Umefuta ujumbe", "Umefuta majina 3". Kitenzi hakibadiliki tena, hata vitu vikiongezeka. Kwenye menyu ya USSD, ile ya nyota na reli, pia kuna hesabu ya kujua: ujumbe mmoja unabeba herufi 182 mwisho. Vipengele 8 vya herufi 20 kila kimoja, pamoja na namba zake, vinamaliza 160. Zinabaki 22 za kichwa na za kurudi nyuma. Anayeyajua haya kwa undani anaajirika hata kama hajui kuchora mstari.

Mambo ya macho na vidole tuyapitie haraka, maana yameandikwa sana: maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1, na sehemu ya kugusa kwenye Android isipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini). Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinavutia ofisini. Peleka simu hiyo stendi, jua la saa 7 mchana, uone.

Yote hayo hayamfai mtu mmoja aliyejifungia chumbani na bando la usiku. Yanataka kikundi, na hapa ndipo tunaona wenzetu wanakosea njia. Wanafungua kundi la WhatsApp, linajaa watu zaidi ya 200 ndani ya wiki, na kufikia wiki ya tatu limebaki na matangazo ya kozi, picha za "Asubuhi njema" na mtu mmoja anayeuza viwanja. Au wanasubiri mfadhili alete ukumbi wa hoteli, fulana, chai na sambusa, na posho ya nauli. Mfadhili akiondoka, hata mwenye projekta haonekani tena.

Mama zetu wanao mfano bora miaka yote. Kikoba kina watu wanaojuana, siku isiyobadilika, daftari, mchango, na faini ya kuchelewa. Chukueni hivyo hivyo. Watu 8 hadi 12, Jumamosi mbili kwa mwezi, saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana. Kila kikao kazi mbili, dakika 40 kila moja: dakika 5 mwenye kazi aseme anataka kujua nini, 10 kila mtu aitumie kimya kwenye simu yake huku akiandika, 20 za kujadili, 5 katibu asome yaliyoamuliwa. Ule ukimya wa mwanzo msiuondoe. Mkubwa akitangulia kusema, wadogo wote humfuata, kwa hiyo pia aanze kuzungumza aliye mgeni zaidi katika fani. "Naipenda" na "siipendi" zisipokelewe mpaka msemaji ataje mtumiaji gani na hatua ipi.

Dakika 40 zinazobaki ni za mchango na kamusi. Mchango wa Sh5,000 kwa kikao, kwa watu 10 na vikao viwili, ni Sh100,000 kwa mwezi. Nusu yake inatosha kuwapa wajaribu 5 nauli na vocha ya Sh10,000 kila mmoja. Nusu nyingine iwekwe mpaka mnunue simu za sanduku la majaribio: kitochi kimoja, ambacho Kenya wanakiita kabambe, simu janja ya mtumba yenye RAM ya GB 2, na moja yenye kioo kilichopasuka. Hiyo ya kioo kilichopasuka si mzaha. Ufa ukipita juu ya kitufe cha chini, mtagundua mengi. Michoro ya kwanza ifanyeni kwa karatasi ya A4 iliyokatwa nne na penseli. Haihitaji intaneti, na mjaribu anaikosoa bila woga kwa sababu haionekani kama imekugharimu.

Kamusi ni daftari la maneno ya skrini ambayo kikundi kimeyapima. Kutunga istilahi kunawezekana, na BAKITA ipo kwa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, tangu 2004. Lakini neno lililosanifiwa mezani bado linapaswa kwenda sokoni. Andikeni kitufe kwenye kadi, waulizeni watu 10 wasiojuana kitatokea nini wakikibonyeza, na andikeni kando: 9 kati ya 10, Kariakoo, 4 kati ya 10, Dodoma. Baada ya mwaka mtakuwa na kitu ambacho benki na kampuni za simu zitakuja kukiulizia wenyewe, na kila mwanachama ataweza kukiweka kwenye jalada lake akitaja sehemu aliyoifanya yeye.

Msitegemee chama kikubwa kiwabebe. IxDA, chama cha kimataifa cha wabunifu kilichokuwa na vikundi katika miji mingi duniani, kilitangaza mwaka 2024 kwamba kinafunga. Mikutano mikubwa ina faida yake: AfriCHI, ule wa watafiti wa Afrika wa uhusiano wa binadamu na kompyuta, ulianzia Nairobi mwaka 2016 na kufuatia Windhoek 2018, na ukipata nafasi ya kwenda, nenda. Pia kuna Siku ya Dunia ya Utumiaji Rahisi, iliyoanza 2005 na ambayo sasa huwa Alhamisi ya pili ya Novemba. Badala ya hotuba, kikundi kinaweza kuitumia siku hiyo kukaa kituo cha daladala na meza moja, kujaribu fomu moja ya umma mbele ya abiria na kubandika matokeo hapo hapo.

Fedha, mwisho, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaumia. Anayefanya kazi za mkataba aandike kabla ya kuanza: skrini ngapi, majaribio mangapi, masahihisho mara 2 tu, na asilimia 50 ya malipo mkononi kabla ya kufungua faili. Bila idadi ya masahihisho, mteja atabadilisha rangi mpaka Krismasi. Kampuni ikikulipa itazuia kodi ya asilimia 5 ya huduma. Dai hati ya zuio, la sivyo utaikosa wakati wa kufanya ritani. Waajiri nao tuwaambie ukweli: "kazi ya majaribio" ya siku nne juu ya bidhaa yenu wenyewe, bila malipo, kwa waombaji 30, ni kuchukua kazi za watu bure. Saa 3 zinatosha, na mada iwe ya kubuni. Na mkitafuta mbunifu wa UX, msimwongezee mabango ya Sikukuu na kadi za mwaliko wa harusi ya meneja, halafu mkashangaa hana muda wa kuonana na wateja.

Sisi kwenye kamusi yetu bado tumegawanyika kuhusu kitufe kimoja: cha kurudi kwenye skrini iliyopita. Wengine wanataka "Rudi", wengine "Nyuma", na yupo mmoja wa Tanga anayeshikilia "Rejea". Wasomaji wako wakikiona hicho kitufe, wangetegemea kiandikwe nini?

Wabunifu wawili wa programu,
Kijitonyama, Dar es Salaam